Reli ya Mkia wa Nguruwe

Kusini mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Uswisi, limo bonde la mto Wutach, na katika bonde hilo imepita reli ambayo wenyeji huiita kwa lahaja yao Sauschwänzle, maana yake mkia wa nguruwe. Toka Weizen mpaka Blumberg ni karibu kilomita 10 kwa mstari ulionyooka. Garimoshi huenda kilomita 25.

Mgeni aionapo hudhani kuwa wahandisi walipotea njia. La, walitii amri. Baada ya vita vya 1870 na 1871, Wajerumani waliinyang'anya Ufaransa nchi ya Alsace, nao wakuu wa jeshi wakahofu kwamba Wafaransa watarudi kuidai. Reli iliyokuwapo ya kwenda huko ilipita Schaffhausen na Basel, miji ya Uswisi; na Uswisi, isiyofungamana na upande wowote vitani, isingaliruhusu askari wa kigeni kukanyaga ardhi yake. Basi ikakatwa shauri kuuzunguka mpaka.

Shida ilikuwa mlima. Nchi hupanda mita 231 hapo, na jeshi lilitaka njia isipande zaidi ya mita 1 katika kila mita 100, ili mizinga mizito ivutwe bila taabu. Kwa hiyo reli ilirefushwa makusudi. Hurudi ilikotoka, huvuka bonde juu ya madaraja ya chuma, na katika mlima wa Stockhalde huingia handaki la mita 1,700, ikazunguka gizani kama nyoka ajikunjaye hata ikatokea juu zaidi. Kazi ilianza mwaka 1887 ikaisha 1890, na wengi wa vibarua walikuwa Waitalia.

Na wanakijiji je? Epfenhofen imezungukwa na reli pande tatu, lakini njia ile haikupimwa kwa haja ya mkulima mwenye viazi vyake. Ndiyo sababu, nadhani, abiria walikuwa haba siku zote. Mwaka 1955 safari zao katika sehemu hiyo zilikoma. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 reli ilitengenezwa upya, mara hii tena kwa ajili ya majeshi, yaani ya umoja wa NATO. Kisha ikafungwa mwaka 1976.

Mwaka uliofuata yalianza kupita magarimoshi ya mvuke yachukuayo watalii. Bado yapo. Safari huchukua kama saa moja, na watu hulipa nauli kwa ajili ya mizunguko ile ile.