Desemba ya Mwaka 2011 na Vitabu vya Mvua vya Dar es Salaam

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mwezi mmoja tu, nao ni Desemba ya mwaka 2011, na jinsi mvua yake ilivyoandikwa. Mwezi huo ulianza kwa furaha. Tarehe 9 Tanzania Bara ilitimiza miaka 50 ya uhuru, na mji wa Dar es Salaam ulijaa wageni na bendera. Siku kumi na moja baadaye, siku ya Jumanne tarehe 20, mvua kubwa ilinyesha, ikaendelea na siku mbili zilizofuata. Mto Msimbazi ukafurika. Katika Jangwani, Mchikichini, Kigogo na Hananasifu watu walipanda juu ya mapaa kuyakimbia maji, wakangoja kuokolewa. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu waliachwa bila makao.

Mtu aliyekulia karibu na Kivukoni ajua kwamba Desemba si mwezi wa kuogopwa. Mvua za vuli huanza Oktoba na kufika ukingoni Desemba. Upepo wa kaskazi hushika, na jua huwa kali. Mwezi wa kuogopwa ni Aprili, katikati ya masika. Ndiyo maana siku zile neno lililosikika kila mahali, sokoni Kariakoo na katika pantoni ya Kigamboni, lilikuwa kwamba jambo kama hili halijapata kutokea. Neno hilo twataka kulipima, maana ni neno zito: likiwa kweli, hapana mtu aliyeweza kujihadhari.

Idara ya hali ya hewa ilitangaza kwamba tarehe 20 peke yake zilipimwa milimita 156.4 za mvua, na kwamba ndiyo mvua kubwa ya siku moja kuliko zote tangu mwaka 1954. Hesabu hii yahitaji kufunuliwa kidogo, hasa kwa vijana wa shule. Milimita moja ya mvua ni maji yatakayosimama kwa kina cha milimita moja juu ya ardhi iliyo sawa, kama hayakunywewa wala kukimbia. Katika eneo la mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja kamili. Basi siku ile kila mita ya mraba ilipokea lita 156, yaani karibu madebe manane ya lita 20. Nyumba yenye paa la upana wa mita 5 na urefu wa mita 10 ilimwaga chini madebe 390 kwa siku moja. Tena kumbukeni kwamba mvua ya Desemba nzima mjini humo, kwa wastani wa miaka mingi, haifiki milimita 130. Mvua iliyozidi ile ya mwezi mzima ilianguka kwa siku moja.

Maneno ya kuangaliwa sana katika tangazo lile ni haya, "tangu mwaka 1954". Kitabu husema habari za siku zilizoandikwa ndani yake tu. Asemaye "tangu mwaka 1954" hakusema "tangu dunia kuumbwa", ijapokuwa wengi walisikia hivyo.

Je, kabla ya vitabu watu wa pwani hawakuwa na hesabu ya majira? Walikuwa nayo, tena nzuri. Mabaharia na wakulima walihesabu siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo wengine waiita Nairuzi, nao walizigawa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kusi itakaza hata jahazi lipandishwe ufukoni, na mkulima alijua lini kuwahi shamba kabla ya masika. Mwezi wa Kiislamu haukufaa kwa kazi hii, kwa kuwa huzunguka majira yote. Sikukuu ya Mwaka bado husherehekewa huko Makunduchi, Unguja, kila Julai. Kasoro ya hesabu ile ni kwamba haina siku ya ziada ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea pole pole. Tena ilionyesha wakati wa mvua, haikuonyesha wingi wake. Mzee aliweza kusema kwamba masika ya mwaka fulani yalikuwa makubwa. Kama yalizidi yale ya babu yake hakuwa na kitu cha kupimia.

Kupima wingi wa mvua kwa chombo na kuuandika kulianza mjini Dar es Salaam siku za utawala wa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, katika miaka ya 1890. Walikuwa wameuhamishia makao makuu ya serikali yao mji huu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kuanzia mwaka 1900 kazi hiyo ilisimamiwa na Carl Uhlig, mtaalamu wa jiografia, ambaye baadaye alijulikana pia kwa safari zake za Kilimanjaro. Vita ya mwaka 1914 iliivuruga kazi. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius. Idara hiyo ya pamoja iliishi hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ndipo kila nchi ikashika yake.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuielezea, na ngumu kuidumisha. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda penye chombo, humimina maji katika kipimo, husoma, huandika. Siku isiyo na mvua huandika kwamba hapana mvua. Akikosa siku moja, siku hiyo imepotea na hairudi. Sisi walimu twapenda kuwapa wanafunzi kazi hii kwa kopo lenye ubavu ulionyooka na rula, na twaona kwamba wiki ya kwanza wote hugombania kupima. Wiki ya tano, katika jua la kaskazi, wanabaki wawili. Safu ndefu za vitabu vya mvua zimeandikwa na watu wa namna ya wale wawili.

Sasa tutazame nyuma ya mwaka 1954. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha karibu merikebu zote za Sayyid Barghash zilizokuwa bandarini, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo. Pemba ilisalimika, na kuanzia hapo ikaishinda Unguja kwa karafuu. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa mji uliotelekezwa nusu: Sayyid Majid aliyeuanzisha alikuwa amekufa mwaka 1870, na nduguye hakuutaka. Hapakuwa na chombo cha kupimia mvua Kivukoni. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi. Vimbunga ni nadra katika pwani yetu, kwa sababu karibu na mstari wa ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo hata uzunguke; Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 tu kusini. Walakini nadra si kutokuwepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Vuli nayo ina visa vyake, na hapa ndipo Desemba tunayoizungumzia ipatapo ndugu zake. Mwaka 1961 mvua za Oktoba na Novemba zilizidi kiasi katika Afrika ya Mashariki yote, na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeinuka zaidi ya mita 2. Vuli ya mwaka 1997 ilikuwa hivyo, ikavunja barabara na reli, na jina la El Niño likaingia katika midomo ya watu wote. Vuli ya mwaka 2019 pia. Mwaka 1961 haukuwa na El Niño, na kwa muda mrefu jambo hilo liliwatatiza wataalamu. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walieleza sababu iliyo karibu nasi zaidi: pengine maji ya Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia hupoa, na mvua nyingi huhamia kwetu. Basi vuli hupata mwaka wake wa ukali, na vitabu vilikuwa vimekwisha kulionyesha jambo hilo kabla ya mwaka 2011.

Walakini mvua peke yake haielezi vifo vya Jangwani. Chombo cha mvua hakijui maji yamekwenda wapi. Msimbazi huanza katika vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mji, na kuingia baharini penye daraja la Selander. Bahari ikijaa, maji ya mto hukawia kutoka. Kariakoo yenyewe ni uwanda tambarare, mahali ambapo wapagazi wa jeshi la Waingereza walikaa kambini wakati wa vita ile, na jina la jeshi lao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo. Magharibi ya uwanda huo nchi hushuka kuelekea Jangwani, na hapo mto ulikuwa na nafasi yake ya kutanuka.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957, miaka mitatu baada ya ule uliotajwa katika tangazo, ilikuta Dar es Salaam ina watu 128,742. Hesabu ya mwaka 2012, miezi minane baada ya mafuriko, ilikuta mkoa huo una watu 4,364,541. Udongo uliokuwa ukinywa maji umefunikwa kwa mabati, saruji na lami, na vijito vimejaa taka. Mvua ya milimita 156 katika mji wa kwanza na mvua hiyo hiyo katika mji wa pili si kitu kimoja, ingawa katika kitabu zingeandikwa kwa tarakimu zile zile. Nasi twaona kwamba neno "halijapata kutokea" lilikuwa na ukweli wa namna hii: mvua haikuwa ngeni kama mji ulivyokuwa mgeni. Mpango wa mji wa mwaka 1979 ulikuwa umelitaja bonde la Msimbazi kuwa mahali pa hatari. Watu walijenga hata hivyo, kwa kuwa bonde li karibu na soko na kazi, na maskini hachagui kiwanja kwa kutazama ramani. Hatuwezi kuwalaumu wao tu. Kodi zilipokewa na barabara zilipita.

Baada ya mafuriko serikali iliwapa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Wengine walikaa. Wengine walirudi bondeni, maana nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi ilikula faida ya siku. Maji yakarudi pia, Aprili 2014, Oktoba 2017, Aprili 2018. Na kituo cha mabasi ya mwendo kasi kilichojengwa pale Jangwani kikafunikwa na tope zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha kwa ajili ya kulitengeneza bonde zima. Katika mpango huo mna kuuchimba mto, kuwalipa fidia na kuwahamisha waliokuwa wakikaa humo, na kujenga daraja jipya la Jangwani, la juu kuliko la zamani. Urefu wa daraja kama hilo kutoka majini hupatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe hutolewa katika vitabu vile vya saa tatu asubuhi.