Furu wa Ziwa Victoria: samaki taka walioshikilia ziwa



Ile filamu ya Hubert Sauper ilipotoka mwaka 2004, watu wa ughaibuni walibishana kweli kweli juu ya ndege, silaha na mapanki. Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006, ubishi ukazidi. Katika makelele yote yale aliyesahauliwa ni furu, samaki mdogo wa urefu wa kidole au kiganja, na kwa maoni yangu historia ya ziwa lile haieleweki bila yeye.

Tuanzie nyuma kidogo. Nyavu za makila kutoka Ulaya ziliingia ziwani mwaka 1905, na haikuchukua muda ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kuadimika. Mwaka 1927 aliletwa Michael Graham kuchunguza. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, na akaonya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno. Onyo likabaki kwenye makaratasi.

Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi, hasa upande wa Uganda, wakawa na hesabu yao. Ngege wamekwisha, ziwa limejaa furu, na furu ana miba mingi na bei ndogo. Kwao huyo alikuwa samaki taka. Basi aletwe sangara amle furu, taka igeuke mnofu! Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya utafiti Jinja, alipinga kwa maandishi mwaka 1960. Kumbe sangara alikwishatiwa ziwani kimya kimya miaka kadhaa kabla. Mwaka 1962 na 1963 wakamwaga wengine, safari hii rasmi.

Sasa huyo "taka" alikuwa nani? Uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ziwani. Na hawakuwa aina moja. Walikadiriwa kupita aina 500, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Frans Witte na wenzake, wakishirikiana na Watanzania, waliwachambua katika Ghuba ya Mwanza, na walichokikuta ni mgawanyo wa kazi kama wa mji mzima. Wako waliokula mwani na uozo wa tope, na hao ndio waliokuwa wengi. Wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Wengine wala uduvi, wengine wala wadudu, wengine wanyofoa magamba ya wenzao. Hata wezi walikuwapo: aina zilizowanyonya akina mama wa kifuru mayai na vifaranga waliowaatamia kinywani.

Miaka ya 1980 sangara akafumuka, kwanza upande wa Kenya, kisha Mwanza. Kufikia mwisho wa muongo ule furu walikuwa chini ya asilimia 1 ya samaki waliovuliwa kwa nyavu za kukokota, na aina zinazokadiriwa kufika 200 hazikuonekana tena. Hapo ndipo kazi zao zikajulikana, maana hakukuwa na wa kuzifanya. Mwani uliongezeka mara kadhaa. Usioliwa ulikufa, ukazama, ukaoza, na kuoza kunakula oksijeni, hata maji ya kina yakawa hayakaliki sehemu ya mwaka. Uduvi na dagaa wakajaa kushika nafasi zilizoachwa. Mfumo mzima ukabaki kuning'inia kwenye aina chache tu: sangara, sato (naye mgeni wa miaka ile ile), dagaa na uduvi.

Tusimwonee sangara, lakini. Rutuba iliyolisha ule mwani ilikuwa ikimiminika tangu kabla ya vita vya pili, kutoka mashambani, misitu iliyokatwa na miji iliyokua. Na Mwanza meli za kukokota nyavu zilikwishawapunguza furu miaka ya 1970 ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Sangara mwenyewe akaongeza mzigo: furu aliweza kuanikwa juani, lakini sangara ana mafuta, hukaushwa kwa moshi, na moshi unataka kuni.

Linalonisikitisha zaidi lilielezwa na Ole Seehausen na wenzake mwaka 1997. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani vizuri, jike hukosea, na aina zinachanganyika mpaka mipaka inafutika. Yaani aina inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa.

Tangu miaka ya 1990, sangara alipoanza kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu wamerudi. Wengine wamebadili chakula, na aina moja imeota matamvua makubwa zaidi, ya kupumulia maji yenye hewa haba. Kwa uzito wamerudi kwa wingi. Kwa aina, hapana. Wavunja konokono, kwa mfano, ni wachache mno kulinganisha na zamani, na konokono ndio wabebao kichocho.

Leo nchi zote tatu zinahimiza vizimba vya sato ziwani. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kenya waliamka wakakuta samaki wao wanaelea, wamekufa. Watafiti walisema ni oksijeni iliyopungua majini.