Macho Yanayotembea: Tiba Hii Ilitoka Wapi?

Wenzetu, wiki hii tunaandika juu ya usiku. Wengi tunaujua: upepo unagonga mlango wa bati, na wewe umeshaamka, viatu mkononi, tayari kukimbia. Asubuhi ukimwambia mtu aende kwa mshauri, anajibu, "Kwani mimi nina wazimu?"

Hapana, hana. Wala si sisi wa kwanza. Wanajeshi wa Vita ya Kwanza ya Dunia walirudi wakitetemeka, na wengine wakaitwa waoga. Ni mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoandika hali hii ya kiwewe kwa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa.

Mwaka 1987 Mmarekani mmoja, Francine Shapiro, alikuwa anatembea bustanini. Alisema aliona mawazo yanayomsumbua yanapungua nguvu macho yake yakienda haraka huku na huku. Akajaribu na watu wengine, na 1989 akachapisha utafiti wa watu 22, wakiwemo waliopigana Vietnam. Leo tiba hiyo inajulikana kama EMDR.

Inafanyikaje? Kwanza mtaalamu anakuandaa, mnajenga usalama. Halafu unashika kumbukumbu moja kichwani huku macho yakifuata vidole vyake, kushoto na kulia. Anasimama, anauliza umeona nini, mnaendelea. Kumbukumbu haifutiki, ila inapunguza makali.

Wataalamu wengi walimpinga. Mpaka leo wapo wanaosema macho si kitu, kinachoponya ni kukumbuka ukiwa mahali salama. Lakini tiba ilipimwa tena na tena, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye kiwewe.

Kumbe ilishafika kwa watu kama sisi. Mwaka 1997 kimbunga Pauline kilipiga Acapulco, Meksiko. Watoto walikuwa wengi, wataalamu wachache. Lucina Artigas na Ignacio Jarero wakawafundisha kwa vikundi: unakunja mikono kifuani na kujipigapiga taratibu, upande huu, upande ule. Wakaliita kumbatio la kipepeo. Baadaye, kambini Kilis, Uturuki, wakimbizi wa Siria walipewa EMDR, na dalili zao zikapungua kuliko za wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu.

Sasa tuseme ukweli wetu. Mmoja wetu aliona video kwenye simu, akamfanyia rafiki yake. Yule rafiki akakumbuka yote kwa mara moja, akalia mpaka asubuhi, na sisi tukakaa pale bila kujua la kufanya. Jamani, tusirudie. Kufungua kidonda ni rahisi. Mafunzo ni ya kujua kukifunga.

Na ninyi mnaofanya kazi nasi: katika tiba hii mtu halazimiki kusimulia kila kitu kwa sauti. Sisi tumeshasimulia kwa kila fomu, kwa kila ofisi. Mkileta mafunzo, leteni ya kweli, na mkae mpaka kidonda kifungwe.

Kama usiku wako ni mrefu, usikae nao peke yako. Tuambie. Tutakusindikiza kwa mshauri, na nje tutakungoja.