Kabla ya leseni kulikuwa na mzigo

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa udereva Tabora nilidumu kama dakika moja na nusu. Gari lilikuwa Corolla kuukuu, kibao cha L kimefungwa kwa waya kwenye bampa. Watahiniwa tulikuwa tisa chini ya mwembe. Afande akaingia upande wa abiria, akaweka daftari juu ya paja, akasema, "Twende." Nikaiachia klachi ghafla, gari likaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likazima. Nikawasha. Likazima tena. La tatu hakulisubiri. "Shuka, mdogo wangu. Mwingine aje."

Nilikaa kwenye mizizi ya mwembe nikiwatazama wenzangu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikaanza kuufikiria mwembe wenyewe. Miembe ya Tabora, kama ile ya Ujiji, husimuliwa kuwa ni alama ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ziwa Tanganyika. Kama masimulizi hayo ni kweli, basi nilikuwa nimefelia mtihani wangu mahali ambapo watu wamekuwa wakitahiniwa barabarani tangu siku ambazo hapakuwa na gurudumu hata moja.

Waarabu wa pwani walikita makazi yao hapa, wakati huo pakiitwa Kaze, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857, zaidi ya miezi minne tangu waondoke pwani. Waliobeba mali zao na za wafanyabiashara wengine wengi katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, nguo au shanga wakati wa kupanda kutoka pwani, pembe za ndovu wakati wa kushuka, na juu yake mkeka, sufuria na posho yake mwenyewe.

Wanyamwezi hawakuianza kazi hii ukubwani. Burton aliona watoto wadogo wakizoezwa kubeba vipembe mabegani, na wageni wengi wa karne ile waliandika jambo lilelile kwa maneno tofauti: kijana ambaye hajafika pwani na kurudi hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Hapo ndipo ninapoiona shule yetu ya kwanza ya udereva. Ada yake ilikuwa malengelenge, na mhitimu alirudi na kitambaa cha kaniki na hadithi za bahari.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Huyu alijua maji yako wapi, kituo kinachofuata kiko umbali gani, mtemi gani ana hasira mwaka huu. Alivaa kwa madaha, manyoya kichwani, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko ya wengine. Nyuma yake palisikika ngoma na barghumu, ile pembe ya tandala iliyopulizwa kutoa ishara ya kuondoka, ya kusimama na ya kuingia kijijini. (Anayepanda basi la alfajiri akasikia honi zile za sauti saba stendi anajua barghumu haijafa.) Kulikuwa na sheria moja ambayo trafiki yeyote wa leo angeipenda: hakuna kumpita kirangozi. Mpagazi aliyemtangulia alinyang'anywa mshale mmoja kutoka podo lake, akaukomboa kwa faini. Wazee wetu walikuwa na adhabu ya kuovateki vibaya nusu karne kabla gari halijakanyaga ardhi hii.

Na kulikuwa na hongo. Siku hizo neno hili lilimaanisha ushuru wa njia, nguo na shanga zilizolipwa kwa mtemi ili msafara upite nchini mwake, na Ugogo ndiko ilikotozwa kwa ukali uliolalamikiwa na kila msafiri. Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga kabisa njia ya Ujiji mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani wa hapa Tabora. Neno limesafiri hadi barabara ya leo likiwa limebadilisha maana, na msomaji hahitaji kuelezwa na mimi ni maana gani.

Je, aliyefaulu alionyesha nini? Kwa kawaida sifa yake ilitangulia kwa mdomo. Lakini mara moja ilitokea karatasi, au tuseme chuma. Watumishi wa mmisionari David Livingstone, Chuma na Susi, na wenzao walipoubeba mwili wake kupitia Unyanyembe mwaka 1873 hadi pwani mwaka uliofuata, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliamuru zitengenezwe medali za fedha kwa ajili ya wale waliokuwa naye, zikitaja uaminifu wao. James Chuma baadaye alikuwa mkuu wa wapagazi katika msafara wa mpelelezi Joseph Thomson. Kwa macho ya mwajiri wa mwaka 1879, mtu mwenye medali ile alikuwa na leseni.

Gari lilipoingia, liliingia likimtegemea mpagazi. Agosti 1907 luteni wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau kwa safari hiyo, akikusudia kulivuka bara hadi Atlantiki. Alifika Swakopmund Mei 1909. Kulikuwa na pori, mito na mchanga ambavyo injini haikuviweza, na kila lilipokwama lilivutwa kwa kamba na mikono ya watu. Sijui msomaji anaonaje, lakini kwangu mimi picha ya wanaume waliozoea frasila mbili wakilikokota gari tope la magotini inaeleza karne mbili kwa mpigo.

Kilichommaliza mpagazi wa Unyamwezi kilikuwa reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili tatu. Kwa miaka mingi iliyofuata, ukisema "dereva" katika mji huu ulimaanisha mtu wa treni, mwenye ovaroli na saa ya mfukoni, na hata leo Chuo cha Reli kiko hapa hapa. Vita Kuu ya Kwanza ikakatiza kidogo: Wabelgiji wakitokea Kongo waliuchukua mji Septemba 1916, kisha wakawaachia Waingereza. Hao ndio waliotuwekea kushoto. Wabelgiji walibaki na Burundi na Rwanda, na kule wanaendesha kulia, kwa hiyo dereva wa lori anayetoka Tabora kwenda Bujumbura hubadilisha mkono mpakani kwa sababu ya mgawanyo uliofanywa babu yake akiwa kijana.

Wapo wanaodhani mtihani wa udereva ni kitu cha kale sana kwa wazungu. Uingereza yenyewe iliuza leseni tangu mwaka 1903 bila kumuuliza mtu kama anajua kuendesha, na mtihani haukuwa lazima hadi Juni 1935. Waliotuletea sheria nao walikuwa wanafunzi wa jana.

Shule kubwa ya udereva kwa Mwafrika wa kizazi hicho ilikuwa jeshi. Vita Kuu ya Pili ilihitaji malori, malori yakahitaji watu, na vijana wa Afrika Mashariki walifundishwa kwa maelfu kuendesha na kutengeneza, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliorudi walirudi na ufundi ambao mkoloni hakuweza kuuvua pamoja na sare.

Halafu Urambo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilichagua sehemu tatu za Tanganyika kulima karanga kwa mashine: Kongwa, Nachingwea na nchi ya Mirambo. Lengo la awali lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yalikusanywa kutoka mabaki ya vita, mengine yakaundwa kutoka vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga, na kwa kuwa mashine bila dereva ni chuma tu, vijana ambao hawakuwahi kushika usukani walikalishwa juu yake wakafundishwa papo hapo. Karanga zilikataa. Januari 1951 mradi uliachwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Baadaye Urambo ikageukia tumbaku, ambayo bado ndiyo inayoyapa malori yake kazi. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu karanga zile na kidogo mno kuhusu vijana walioondoka pale wakijua kutia gia.

Wengi waliobaki walijifunza kwa njia ya utaniboi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayofanana zaidi na ya kirangozi. Taniboi, au utingo, hakulipia masomo. Alianza juu ya mzigo, akilala kwenye magunia. Kazi yake ilikuwa kuruka lori lisimamapo na kuweka gogo nyuma ya tairi, kuchota maji ya rejeta, kukoroga hendeli asubuhi ya baridi, kuchimba. Kuchimba hasa. Mvua za magharibi hunyesha Novemba hadi Aprili, na barabara ya Tabora kwenda Itigi ilipita kwenye mbuga ambako udongo mweusi hushika tairi kama ugali. Kilomita 85 kati ya Nyahua na Chaya zimepata lami juzijuzi tu. Lori lingeweza kulala hapo siku tatu, na taniboi akakata matawi, akayapanga mbele ya tairi, akajua kwa nyayo zake mahali pagumu na mahali palaini kabla hajajua maana ya klachi.

Baada ya mwaka, miwili, dereva angempisha. Kwanza kulisogeza lori uani gereji. Kisha kwenye barabara tupu alfajiri, dereva akisinzia, au akijifanya kusinzia. Hapakuwa na siku ya mtihani. Siku moja tu mwenye lori aliuliza, "Huyu anaweza?" na dereva akajibu ndiyo au akanyamaza. Leseni ilitafutwa baadaye, kama cheti cha ndoa cha watu wenye watoto wanne.

Msamiati wao nao umesafiri. Gari limetoka Uhindini, breki na gia na klachi ni za Mwingereza, lakini kile wanachokishika mikononi wanakiita usukani, neno la jahazi. Mtu wa Sikonge ambaye hajaiona bahari anashika chombo cha nahodha. Na barabara, neno lile lile, ndilo tunalotumia kusema jambo limekwenda sawasawa, jambo ambalo watumiaji wa njia ya Itigi ya zamani lazima waliliona kuwa ni dhihaka.

Dola ikaja kuchukua kiti cha mtahini. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, ndiyo bado inayotutawala, pamoja na viraka vyake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, na leo dereva wa basi hawezi kukwepa mafunzo yake au ya mahali panapotambuliwa. Utaratibu wa mtu wa kawaida unajulikana: leseni ya kujifunzia, shule, cheti, kisha polisi kukupima alama za barabarani na usukani, kisha Mamlaka ya Mapato kukupiga picha na kuchukua alama za vidole. Daraja B ni la gari dogo, C ni la abiria, A ni la pikipiki. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000.

Utaniboi na cheti viligongana waziwazi Aprili 10, 2015. Serikali ilikuwa imetaka madereva warudi darasani kila wanapohuisha leseni, nao wakaegesha mabasi nchi nzima. Stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, ilijaa abiria wenye mabegi wasio na pa kwenda. Madereva walikuwa na madai mengine pia, mikataba na mishahara, lakini lile la darasa ndilo lililowauma: mtu aliyeendesha miaka ishirini anaambiwa akajifunze kuendesha kwa fedha yake. Nilikuwa upande wa abiria siku ile na nilikasirika. Sasa naona walikuwa na hoja, ingawa takwimu za ajali hazikuwa upande wao. Serikali ilirudi nyuma, mabasi yakaondoka.

Bodaboda ndio taniboi wa leo. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipowahalalisha kubeba abiria, wanatakiwa wawe na leseni ya daraja A. Wengi hujifunzia kwenye pikipiki ya kaka, jioni, uwanja wa shule ya msingi, na kesho yake wanabeba mtu.

Nilirudi chini ya mwembe baada ya wiki tatu. Mwalimu wangu, mama wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya tumbaku, alikuwa amenifunza jambo moja tu katika muda huo: kusikiliza injini inaposhusha sauti kabla ya kuachia klachi. Afande alikuwa yule yule, au mwingine mwenye daftari lile lile. Gari likaondoka bila kuruka. Tukapita shule, tukapita soko, nikasimama kwenye kivuko, nikarudi nyuma kati ya vijiti viwili.

Tukielekea relini tukamkuta kijana wa baiskeli mbele yetu, magunia mawili ya mkaa nyuma yake, la tatu limelazwa juu. Alikuwa akiyumba kidogo kila alipokanyaga. Barabara ilikuwa wazi upande wa kulia. Nikatia gia ya tatu, nikaangalia kioo, nikawasha indiketa.

"Mwache," afande alisema bila kuinua kichwa. "Kuna kona."

Nikarudisha gia ya pili. Tukamfuata polepole mpaka relini, na afande akaandika kitu kwenye daftari.