Sensa ya 2009: Makosa mawili yanayomkabili mtakwimu

Agosti 31, 2010, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alitangaza kwamba Wakenya walikuwa milioni 38.6, kisha papo hapo akayafuta matokeo ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana. Mojawapo ilikuwa Lagdera, iliyojumuisha wakati huo mji wa mpakani wa Liboi, ambako wakimbizi wengi wa Somalia wamekuwa wakipitia kuelekea kambi za Dadaab.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ongezeko lililoonekana lisingeweza kuelezwa na viwango vya uzazi na vifo. Kitaalamu, huko ni kujaribu nadharia tete: mtakwimu huanza kwa kuchukulia kuwa hesabu ni sahihi, halafu hupima iwapo takwimu zinaafikiana na dhana hiyo.

Jerzy Neyman na Egon Pearson walionyesha katika maandishi yao ya 1928 na 1933 kwamba uamuzi wa namna hiyo hupotoka kwa njia mbili. Kosa la aina ya kwanza ni kuikataa dhana iliyo kweli. Hapa, kuwafuta watu waliopo. La pili ni kuikubali dhana ya uongo, yaani kuwapokea watu wasiokuwepo. Kwa takwimu zile zile, anayekaza kipimo ili aliepuke moja hulikaribisha la pili. Wala si makosa ya karatasini, kwani viti vya Bunge na mgao wa fedha hufuata idadi ya watu.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa kuwa na watu 373,787 mwaka 1979, 371,391 mwaka 1989, 962,143 mwaka 1999 na 2,310,757 mwaka 2009. Mwongo wa mwisho ulionyesha ongezeko la asilimia 9 hivi kwa mwaka, mara tatu ya kiwango cha taifa. Lakini mwongo uliotangulia ulionyesha asilimia 10, na matokeo ya 1999 hayakufutwa. Ule wa kwanza, ajabu, ulionyesha watu wamepungua! Kipimo kinachotumia msingi kama huo kinaweza kusema kwamba sensa mbili hazipatani. Hakiwezi peke yake kusema ipi ndiyo ya uongo. Hilo halimaanishi kwamba hesabu ya 2009 ilikuwa safi.

Februari 2012 Mahakama Kuu iliubatilisha uamuzi wa waziri. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 ya Garissa, Wajir na Mandera, safari hii malalamiko yakiwa kwamba watu walihesabiwa pungufu.