Ishtar na Mikate ya Malkia wa Mbinguni

Nabii Yeremia, katika sura ya 7, anatuonyesha jamaa nzima ikifanya kazi pamoja: watoto wanaokota kuni, baba wanawasha moto, mama wanakanda unga. Wanatengeneza mikate kwa ajili ya «malkia wa mbinguni». Tusichanganye: Bikira Maria, tunayemwita kwa jina linalofanana na hilo, ni kiumbe, wala hatumtolei sadaka. Wataalamu wengi wanamtambua malkia wa Yeremia kuwa Ishtar wa Mesopotamia, au Astarte, mwenzake wa Kanaani.

Wasumeri walimwita Inanna. Makao yake makuu yalikuwa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, na hekalu lake liliitwa Eanna, maana yake Nyumba ya Mbingu. Katika eneo hilo wachimbuzi walivumbua vibao vya udongo vya miaka 3300 hivi K.K., ambavyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa duniani. Vingi ni hesabu za mali, kama nafaka na mifugo. Nyota yake ilikuwa Zuhura, inayong'aa alfajiri na jioni. Mnyama wake, simba.

Huyo mmoja alitawala mapendo na vita. Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, aliyekuwa kuhani huko Ur yapata mwaka 2300 K.K., anahesabiwa kuwa mtunzi wa tenzi zinazosifu hasira yake ya kutisha. Baadaye, wakati wa Esarhaddon, mfalme wa Ashuru (681-669 K.K.), manabii wa kike wa mji wa Arbela walisema kwa jina la Ishtar, wakimwahidi mfalme ushindi juu ya adui zake. Hivyo ibada ilikitegemeza kiti cha enzi.

Tuseme pia ukweli kwa upande wao. Herodotus, Mgiriki, aliandika kwamba kila mwanamke wa Babeli alilazimika kujitoa mara moja kwa mgeni hekaluni. Wanahistoria wengi leo wanalitilia shaka jambo hilo, kwa kuwa vibao vya Babeli havilithibitishi. Hata aliyekufa zamani ana haki ya kutosingiziwa.

Turudi kwa Yeremia, sura ya 44. Yerusalemu umeanguka, na wakimbizi wako Misri. Nabii anawaonya; wao wanamjibu kwamba walipomtolea malkia wa mbinguni walishiba, na walipoacha, njaa na upanga viliwamaliza. Tusiwacheke. Wanaosema hivyo wamepoteza nyumba, shamba na ndugu, nao wanatafuta sababu. Nabii anayatazama maafa yaleyale na kusoma kinyume: ni ibada hizo zilizoubomoa mji.

Ugomvi wao haukuwa juu ya mikate tu. Wakimbizi walimpima mungu kwa chungu: kikijaa, anastahili, kikiwa tupu, atafutwe mwingine. Imani ya namna hiyo hubadilika kila njaa inapokuja. Yeremia mwenyewe hakupata faida kwa uaminifu wake. Alipigwa, akatiwa kisimani, akachukuliwa Misri bila kutaka, lakini hakumwacha Bwana.

Sisi nasi huomba mkate wa kila siku, na ni haki. Basi tuulizane katika kikundi chetu: siku mkate unapokosekana, tunamwendea nani?