Bonde la Ufa na Watoto Wake

Historia ya misaada ya watoto katika Bonde la Ufa imefuata historia ya watu kufukuzwa. Kila familia zilipong'olewa mashambani, walijitokeza wenye huruma wa kuwaokota watoto waliobaki nyuma, na kila mara huruma hiyo iliishia kuwa jengo: bweni, jiko, ua, kibao langoni. Mtu wa kusimama na mtoto mbele ya anayemuumiza alichelewa sana kupatikana. Sijui mji mwingine wa Kenya unaoonyesha kuchelewa huko kama Nakuru.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma yake wakaja walowezi. Waafrika waliolima na kufuga kwenye mashamba ya walowezi hao waligeuzwa maskwota, na sheria za 1918 na 1937 zikawafunga zaidi na zaidi kwenye kazi ya mwenye shamba. Pareto ilipoanza kupandwa nyanda za juu za Molo katika miaka ya 1930, vidole vidogo vilifaa kuchuma maua yake, na watoto wakaingia mashambani pamoja na mama zao. Mtoto akipigwa au kushikwa na nyapara, nyapara huyo ashtakiwe kwa nani? Mzazi aliyelalamika alihatarisha kibanda, mahindi na mbuzi wake kwa siku moja. Naamini mazoea ya kunyamaza, ambayo bado tunapambana nayo, yalikomaa kwenye vijiji vile vya wafanyakazi.

Kisha maskwota wakaanza kufukuzwa. Wakulima waliopewa makao Olenguruone mnamo 1941 walikuwa wameondolewa kwa nguvu kufikia 1950. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu walipakiwa kwenye malori na mabehewa wakarudishwa Mkoa wa Kati, wengi wakiwa na watoto waliozaliwa katika Bonde la Ufa na ambao hawakuwahi kuiona nchi hiyo ya babu zao. Kutokana na watoto waliopotezana na wazazi katika msukosuko huo, Child Welfare Society of Kenya iliundwa mwaka 1955. Miaka minne baadaye Geoffrey Griffin na wenzake wakafungua kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa ajili ya wavulana wa mitaani. Mfano ukawa umewekwa: mtoto wa kusaidiwa ni yule asiye na kwao. Aliyekuwa na kwao, akaumizwa humo humo, hakuonekana.

Uhuru uligawa mashamba lakini haukugusa mfano huo. Makampuni ya kununua ardhi yaliwaleta watu wapya, mashamba ya maua yakazunguka Ziwa Naivasha, na mitaa ya Kaptembwa, Rhonda na Bondeni ikajaa vyumba vya kupanga, familia nzima chumba kimoja. Kwenye jaa la Gioto, chini ya Menengai, watoto waliokota chupa na vyuma, na wapita njia wakawaita chokoraa, jina la kumvua mtoto haki ya kuhurumiwa.

Mapigano ya kikabila yakaja 1992 kule Molo, yakarudi Njoro mapema 1998, na mwishoni mwa Januari 2008 yakaingia Nakuru mjini na Naivasha. Katika ghasia hizo za baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa michezo wa Afraha vikawa kambi. Makanisa yalipika uji, na watu binafsi wakafungua nyumba za watoto. Kituo cha Restart kule Gilgil kilizaliwa wakati huo. Ripoti ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, iliyotoka Oktoba 2008, ilitenga sura nzima kwa ukatili wa kingono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kusoma, katika waraka wa serikali, mambo ambayo kina mama walikuwa wakinong'onezana foleni ya maji.

Sheria zilikuwepo tayari. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ikapitisha Sheria ya Watoto 2001, na 2006 Bunge likapitisha mswada wa mbunge Njoki Ndung'u kuhusu makosa ya kingono: kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na kesi haiwezi kuondolewa na mzazi kwa hiari yake. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichopaswa kuua desturi ya wazee kukaa chini ya mti, mbuzi wakahesabiwa, na msichana akarudishwa kuishi jirani na aliyemnajisi. Hakikuiua. Sheria haina miguu ya kuingia kwenye ploti.

Miguu hiyo ilitoka kwa vikundi vidogo, na mfano mkubwa ulitoka nje ya Bonde. Shirika la Ripples International la Meru, lililokuwa likiwahifadhi wasichana walionajisiwa, lilisimama nao dhidi ya polisi, na Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kwamba kutochunguza malalamiko yao kulivunja Katiba. Tangu hapo kikundi cha mtaa kinaweza kukanyaga kituo cha polisi kikiwa na hukumu mkononi.

Kazi yenyewe ni ya mambo madogo. Mama mboga anaona mtoto anatembea kwa shida. Wa kwanza kuambiwa ni mhudumu wa afya wa jamii, naye ana mambo mawili ya kumsisitizia mama mwenye mtoto: asimwogeshe, na asifue nguo zake. Nguo huwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa nailoni hushika unyevu na ushahidi ukaoza. Dawa ya kuzuia HIV lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, kwa hiyo hospitali huja kwanza, kisha kitabu cha matukio cha polisi (OB) na fomu ya P3 ya kurekodi majeraha. Mama aliyechanganyikiwa, bila nauli, huku shemeji zake wakimsihi anyamaze, hawezi kuyapitia hayo yote peke yake.

Serikali yenyewe imeanza kuyakimbia majengo. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila kwa hofu: familia ipi? Maai Mahiu, ambako malori hulala, uchunguzi wa BBC uliotangazwa 2025 uliripoti kwamba wasichana wadogo walikuwa wakiuzwa kwa wanaume. Mtoto wa pale akirudishwa nyumbani bila mtu wa kumtembelea, amerudishwa sokoni.

Kusajili kikundi cha kijamii si kazi ngumu: wanachama 10, katiba, na ofisi ya maendeleo ya jamii. Ugumu ni kudumu. Kesi huahirishwa, na kila tarehe mama hufunga genge lake na shahidi hukosa kibarua. Michango ya wanachama huishia kwenye nauli. Kaunti ya Nakuru ingeweka nauli hiyo kwenye bajeti yake, kesi nyingi zisingekufa kwa kukosa mashahidi. Na hukumu ikishatolewa kikundi bado kina kazi, hasa mshtakiwa akiwa mjomba au baba wa kambo: mtoto atafutiwe shule nyingine, na mama asaidiwe kodi, maana aliyekuwa akiilipa amefungwa na ndugu zake wameacha kuja nyumbani.